Nani Tena Kafungua Pipa?

Jumamosi, 8 Julai

Mapipa yamefungwa. Yote manne! Mgongo nimeuacha stoo, nitaufuata kesho.

Kazi haikuwa ya mchezo. Nimefagia hadi kwenye nyufa, kisha nyufa zenyewe nikaziziba kwa udongo, kwa kijiko cha chai, nimepiga magoti kama mtu anayetubu. Magunia ya mwaka jana nimeyachemsha. Mahindi nimeyaanika juu ya turubai, nikayapepeta, nikayachekecha, nikayaanika tena. Halafu ile ya chumvi: chupa kavu, chumvi kavu, mahindi kidogo, tikisa, subiri. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi bado yana maji. Haikuganda! Nikashangilia peke yangu, majirani wakachungulia.

Ndani ya kila pipa nimejaza mahindi karibu na ukingo, nikasimamisha mshumaa kwenye kisosi, nikauwasha, nikafunga kifuniko, nikazungusha utepe wa mpira wa baiskeli, nikapaka grisi. Mshumaa unakula hewa iliyobaki mpaka unazimika wenyewe. Fukusi naye hana pa kuvuta pumzi, anakufa. Basi. Sumu haihitajiki. Bwana Hewa kasema — afisa ugani huyo, tulimpa jina hilo kwenye mafunzo kwa sababu hamalizi sentensi bila kutaja hewa. Kasema jambo moja mara mia: ukishafunga, USIFUNGUE.

Jioni Shemeji akaja kukagua. Huyu mdogo wake mume wangu, Baba Kijino, anauza kwenye duka la pembejeo, kwa hiyo anajiona daktari wa mahindi. Kaja na kopo lake la vidonge vya hewa ya sumu mfukoni. Kidonge kimoja kwa gunia, anasema, na hakuna mdudu atakayebaki kusimulia. Nikamwambia hata sisi hatutabaki kusimulia! Ukuta kati ya stoo na chumba cha Mama, mama mkwe wangu, haufiki juu. Ile hewa ya vidonge inapita hapo kama mtu mwenye ufunguo. Na chumbani humo analala Mama na kifua chake, na Kijino wangu wa miaka saba. Shemeji anasema tutaziba kwa blanketi. Blanketi!

Simlaumu sana. Mwaka jana nusu ya mahindi yaligeuka vumbi, na sehemu yake ilikuwemo humo. Miezi ya mwisho tuliunga-unga sote. Lakini mwanangu halali pembeni ya vidonge, labda mimi niwe nimekufa kwanza.

Tukakubaliana mbele ya Mama. Jumamosi ya tarehe 19 Agosti tutafungua mapipa matatu ya akiba, wote tukiwepo; la nne ni la kula. Wakikutwa fukusi hai, Shemeji anaweka vidonge vyake, mimi nanyamaza. Wasipokutwa, kopo linarudi dukani na halitatajwa tena katika nyumba hii.

Jumapili, 9 Julai

Mama kaniuliza mahindi yanapumulia wapi. Nikamwambia hayapumui, Mama, ndiyo maana yake. Akaniangalia kama nimemfungia mtoto sandukuni.

Jumatano, 12 Julai

Alama za vidole kwenye grisi. Pipa la kwanza!

Nimeuliza mmoja mmoja. Baba Kijino hajui. Mama hajui. Kijino hajui, na anataka kujua kama fukusi wana mama. Haya. Basi limejifungua lenyewe. Nimepaka grisi upya.

Ijumaa, 14 Julai

Nimemkamata. Mume wangu mwenyewe! Nilikuwa kwenye cherehani barazani, namalizia sare za shule za watu, nikasikia sauti yake stoo, ile sauti yake ya kutangaza. Nikaingia. Kamsimamisha rafiki yake fundi baiskeli mbele ya pipa, kifuniko kiko chini, anamwambia: ona, ona mwenyewe, hata mdudu mmoja, mke wangu huyo kafanya.

Sasa unamfokeaje mtu anayekusifu? Nikamfokea hivyo hivyo.

Eti kafungua kidogo tu. Hewa haijui kidogo! Nikamuuliza, ukiwa umezama majini, mtu akikutoa kichwa nje "kidogo tu", utakufa? Akafikiri. Akasema hapana. Basi na fukusi vivyo hivyo, baba! Fundi baiskeli akasema kumbe, akaomba radhi, akaomba na maji ya kunywa. Kisha akasema, kwa kuwa mpira ule ulitoka kwake, alitaka tu kuona unafanyaje kazi. Unafanya kazi ukiwa umefungwa, nikamwambia.

Baba Kijino kaapa. Kaapa kwa uso wa huruma kabisa, nikacheka kabla sijamaliza kukasirika. Hilo ndilo tatizo lake huyu mtu.

Jumatatu, 17 Julai

Kaapa, lakini jana kaja fundi mwenzake wa rangi, na nikasikia: "Laiti ningeruhusiwa ningekuonyesha." Wakasimama wawili wanaliangalia pipa lililofungwa. Dakika nzima! Nikarudi kwenye cherehani.

Alhamisi, 20 Julai

Vidole tena. Safari hii pipa la pili. Na si mara moja, maana grisi yote upande wa ukutani imefutika, mpira umelegea. Nimeweka sikio kwenye pipa kama Bwana Hewa alivyotufundisha. Pipa likiwa salama husikii kitu. Nimesikia. Kidogo, kama mtu anatafuna kitu kikavu chumba cha pili.

Baba Kijino hayupo tangu Jumanne, anapaka rangi zahanati, analala huko huko. Kwa hiyo si yeye.

Nani anayetaka mapipa yangu yashindwe? Nani ana kopo mfukoni linasubiri zamu yake? Kikulacho ki nguoni mwako!

Sikungoja hata kuvua kanga ya jikoni. Nimekwenda hadi dukani kwake. Kulikuwa na wateja. Nimesema yote. Kwamba anapita kwangu kwa kisingizio cha kumsalimia mama yake, anafungua mapipa, anawapa fukusi pumzi, ili tarehe 19 ashinde. Shemeji akawa ameshika mzani, hakuushusha. Mteja mmoja akasema twende zetu jamani.

Alivyonijibu hakupaza sauti. Kasema: shemeji, mwaka jana mimi pia nililala na njaa, unadhani nataka tena? Tangu tukubaliane sijakanyaga stoo yako. Kisha akaendelea kumpimia mtu mbolea.

Nimerudi nyumbani. Labda kweli si yeye. Labda ni yeye. Sijui! Nimechoka mimi.

Jumamosi, 22 Julai

Shemeji hakuja. Kila Jumamosi huja kumwona mama yake, leo hakuja. Mama kauliza mara mbili. Nimejifanya nashona.

Jumanne, 25 Julai

Nataka kuandika hili polepole.

Nilipeleka sare mapema, mwenye shule hakuwepo, nikarudi kabla ya saa niliyosema. Mlango wa stoo uko wazi nusu. Nikavua ndala. Nikachungulia.

Mama! Mama mkwe wangu, mtu mzima, anayenikemea nikiacha sufuria bila mfuniko! Pipa la pili liko wazi, na mkono wake umeingia kwenye mahindi hadi kiwikoni. Kafumba macho. Anayachota, anayaachia, anayachota, anayaachia. Midomo inatembea.

Nilipiga kelele. Sijui nilianza na nini. Najua nilimalizia na nini: nilimwambia Mama, unataka kumuua mjukuu wako? Maana tarehe 19 wakikutwa hai, vidonge vinaingia humu, na anayelala nyuma ya ukuta huu ni wewe na yeye. Mtu hamwambii mama mkwe wake hivyo. Nimemwambia.

Akatoa mkono. Akaufuta kwenye kanga. Akafunga pipa vibaya, kifuniko upande, nikalifunga upya mimi, kwa mshumaa mpya. Kisha akakaa juu ya kinu kilichoinamishwa, akasema nikae. Nikakaa chini.

Kasema hivi. Alipokuwa mdogo baba yao alivuna vizuri mwaka mmoja. Akajaza ghala, akafunga mlango, akatia kufuli, akasema hili lisiguswe mpaka njaa ije. Watoto wakawa wanalipita wanacheka, wana chakula. Njaa ikaja. Baba akafungua mbele ya wote. Gunia la kwanza lilikuwa jepesi, akaliinua kwa mkono mmoja. Unga mtupu wa fukusi, na maganda. Yote. Walikuwa wakilala jirani na ghala hilo mwaka mzima, wamelindwa na kufuli. Mdogo wake wa mwisho hakuuvuka mwaka ule.

Kasema tangu hapo hajaweza kulala kama hajayagusa mahindi yake. Magunia ya kawaida alikuwa anapitisha mkono tu, hakuna aliyejua. Mimi ndiye niliyeleta mapipa ya kufunga.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Sasa mimi ndiye niliyeuleta ung'ongo ndani ya nyumba, na nikauzungushia na mpira.

Nikamwambia lazima tuwaambie wanao, Shemeji nimemsingizia mbele ya wateja. Akanishika mkono. Kasema mwanangu, nakuomba, usiwaambie. Watadhani hawanishibishi. Nimeitikia. Ningefanyaje?

Naona aibu. Na bado nina hasira, nisijidanganye. Huruma nimempa yote niliyo nayo, lakini mahindi yale yana fukusi hai na tarehe 19 haijui hadithi ya mtu.

Jumatano, 26 Julai

Nimekutana na Bwana Hewa barabarani, pikipiki yake imezima kama kawaida. Nimemuuliza kijanja: tuseme mtu, si mimi, kafungua pipa mara kadhaa. Kasema hakuna la kuharibika. Funga upya vizuri, ongeza mshumaa, uliache kabisa. Waliomo watakufa tu, hewa ikiisha imeisha. Lakini hesabu inaanza upya, na usiwape pumzi hata siku moja. Siku ngapi, nikauliza. Wiki tatu kwa uhakika, nne ni bora, hasa kwa mayai yaliyomo ndani ya punje. Nimehesabu kwa vidole papo hapo. Inaingia, kwa kubana sana. Ikiwa hakuna mkono utakaoingia.

Kisha kanitazama, akaniuliza huyo mtu asiye wewe anafungua kwa sababu gani. Nikasema anataka kuyaona. Akacheka, akasema kwa hilo yeye hana dawa.

Ijumaa, 28 Julai

NIMEPATA! Nilikuwa nachukua vipimo vya mama mmoja mwenye kibanda cha maji. Nyuma yake kuna lundo la madumu matupu, yale ya plastiki yanayoonekana ndani. Nilikuwa nimeshika futi kiunoni kwake, nikasimama hivyo hivyo. Akauliza kwani nimenenepa kiasi gani?

Mama hataki kufungua. Mama anataka kuona! Nimerudi na madumu sita, nimeyaosha, nimeyakausha juani mpaka hayana hata tone.

Jumapili, 30 Julai

Pipa la nne ndilo la kula, hilo hufunguliwa kwa haki yake. Nimetoa humo mahindi, na maharage kwenye gunia, vyote vimeingia madumuni. Unajaza, unagonga chini, vinashuka, unajaza tena mpaka shingoni, kusibaki nafasi ya hewa. Kizibo, kipande cha mpira, basi. Mama alikaa kitandani kwake akitazama. Nikampa la kwanza.

Alilipindua. Akalitikisa. Akaliweka sikioni. Akalipeleka mlangoni kwenye mwanga, akasema: nakuona wewe.

Nikashtuka, nikadhani mimi. Kumbe fukusi! Yupo mmoja kwenye ukuta wa dumu, ndani, anapanda kwenye plastiki. Mama akakaa naye mchana kutwa.

Jumanne, 1 Agosti

Sasa tuna redio ya fukusi. Asubuhi kabla sijanawa uso: yule wa dumu la maharage anatembea kilevi. Mchana: kaanguka. Jioni: kaamka, huyu ni mkaidi, huyu ana damu ya baba mkwe wako. Baba Kijino karudi kutoka kwenye rangi zake, kamkuta mama yake kalala kifudifudi, jicho kwenye dumu. Kaniuliza kwa kunong'ona mama ana nini. Nikamwambia anafurahi.

Kijino naye kalala kifudifudi upande wa pili. Nguo za wote wawili atafua nani? Mimi.

Ijumaa, 4 Agosti

Mama kapiga kelele, nikachomwa na sindano. Wamekufa! Wote! Miguu juu! Kaniita nione, kamwita jirani aone, kawaita wapita njia. Nimeona. Miguu juu kweli.

Mapipa grisi safi tangu ile Jumanne. Nakagua kila siku, kwa macho tu. Hakuna hata kidole.

Jumapili, 6 Agosti

Nimekwenda kwa Shemeji kuomba radhi. Nyumbani kwake, si dukani. Nimesema nilikosea, si wewe, nisamehe. Akauliza kama si mimi ni nani. Nikasema sijui. Akanitazama sana. Kasema amesamehe.

Nikajaribu nyingine. Nikasema shemeji yangu, tusogeze ile tarehe, wiki mbili tu mbele. Akakataa. Kwa upole, lakini akakataa. Kasema ulinivua nguo mbele ya wateja kwa sababu ya tarehe 19, basi iwe tarehe 19. Kasema hata yeye hapendi vidonge ndani ya nyumba, lakini njaa haipendi zaidi. Na nisipoweza kumwambia nani alifungua, ataaminije kwamba hatafungua tena?

Jibu nilikuwa nalo, ila si langu kulitoa. Mdomo wangu huu! Ningengoja siku moja tu kabla ya kukimbilia dukani, leo angenisikiliza.

Alhamisi, 10 Agosti

Sikio kwenye pipa la pili. Kimya. Au ni cherehani imeniua masikio. Nimemwita Kijino naye asikilize. Kasema anasikia bahari. Sawa, asante, umenisaidia sana.

Ijumaa, 18 Agosti

Kesho.

Mama hajala vizuri leo. Kaniuliza kama kwenye pipa la pili watakuwa wamekufa kama wale wa madumuni. Nikasema ndiyo. Kaniuliza kama nina hakika. Nikasema Mama, lala. Alivyoinuka kwenda chumbani niliona amebeba dumu la maharage kifuani kama mtoto mchanga.

Pipa lile ni kubwa. Mkono wake ulipita humo zaidi ya wiki mbili, na nililifunga upya tarehe 25 tu. Bwana Hewa alisema wiki nne ndiyo bora, nami nina tatu na siku chache. Nina hakika gani mimi?

Baba Kijino anasema tukishindwa tutahamishia magodoro sebuleni siku vidonge vikiwa ndani. Nikamwambia sebule nayo inapakana na nini? Kafikiri. Kasema basi tutalala kwa fundi baiskeli. Watu wanne na kifua cha Mama, kwenye kibanda cha spoku! Halafu turudi kwenye nyumba ambayo hatujui hewa ile imeisha au haijaisha. Akanishika bega. Namjua, hunishika hivyo akiwa anaogopa.

Jumamosi, 19 Agosti

Nimekimbilia chumbani, eti natafuta ungo. Ungo uko mkononi. Nimekaa kitandani, naandika, la sivyo nitapiga mtu.

Shemeji kaja saa nne, kavaa vizuri kama anaenda harusini. Kopo kaliacha nje kwenye baiskeli, nashukuru kwa hilo. Tumeingia stoo sote. Baba Kijino ndiye kafungua, ruhusa kaipata hatimaye.

Pipa la kwanza: safi! Tumemimina kwenye turubai debe zima kutoka juu na kati. Fukusi wachache, wote wakavu. Shemeji kawasukuma kwa ukucha mmoja mmoja. Hawakusogea. Pipa la tatu: safi, hata hao wachache hawamo. Shemeji kanipa mkono. Kweli! Kasema shemeji, hongera, sikutegemea.

Pipa la pili.

Juu, wafu. Kati, wafu. Baba Kijino tayari anacheka. Shemeji akasema mimina na ya chini. Tukamimina. Tukainamia lile lundo, na pembeni mwa lundo punje moja ikasogea.

Mmoja. Kisha wawili. Kisha mwingine anatoka ndani ya punje kama mtu anayetoka usingizini. Wanatembea vibaya, wamelewa, lakini wanatembea. Wiki moja! Wangepewa wiki moja tu zaidi!

Nikasema hivyo. Nikasema hawa wamekwisha, waone wanavyoyumba, tufunge tu, tuwaache, Jumamosi ijayo hayupo hata mmoja. Shemeji akasema mkataba haukuwa juu ya kuyumba. Ulikuwa juu ya kuwa hai. Akasema mapipa yako mawili ni mazuri, sikatai, lakini humu ndani kuna mtu anafungua, na mtu huyo hajulikani kwako wala kwangu, na leo wanatembea, kesho wanataga. Akaniuliza mara ya mwisho, mbele ya wote: nani alifungua pipa?

Baba Kijino akaniangalia. Mama alikuwa kasimama mlangoni na Kijino mbele yake, mikono yote miwili kwenye mabega ya mtoto. Hakuniangalia. Alikuwa anawatazama wale fukusi.

Nikasema sijui.

Shemeji akatoka kwenda kwenye baiskeli. Nami nikasema naenda kutafuta ungo.

Sasa nifanye nini? Nikisema, namvua nguo mama wa watu mbele ya wanawe. Nisiposema, kopo linaingia. Hili la kufungua midomo na kufunga mapipa, lote limeniangukia mimi! Mimi niliyetaka tu kula mahindi yasiyo na sumu!

Ngoja. Kuna sauti.

Shemeji anasema Mama, toka humo. Anasema tena. Baba Kijino anacheka, kisha hacheki.

Nimechungulia. Jamani. Mama kamtoa Kijino nje, kaingia stoo, wanawe wameshayarudisha mahindi kwenye pipa la pili, kaweka kifuniko juu, na yeye kakaa juu ya kifuniko. Miguu haifiki chini. Kamwambia Shemeji aweke vidonge vyake, aanze. Yeye hatoki.

Shemeji kasimama na kopo mkononi. Kasema Mama, usitufanyie hivi. Mama kamjibu kwamba aliyefungua ni yeye. Kasema kwa sauti, mpaka jirani kasikia: ni mimi, siku zote, mkono huu hapa. Na msidhani hamnishibishi. Mmenishibisha, wanangu, nyote wawili, tangu mlipoanza kupata. Ni mkono tu haujui.

Baba Kijino kakaa chini pale pale kwenye turubai, juu ya mahindi. Shemeji kaligeuza kopo, anasoma maandishi yake kama hajawahi kuyaona. Hajaliweka chini. Hajalirudisha mfukoni.

Mimi nalia huku, mjinga mimi, na ungo magotini.

Mama anaita. Ananiita mimi. Anasema niache kujificha, nije na mshumaa na utepe wangu na grisi, nifunge hili pipa kwa mikono yangu, yeye hashuki mpaka nimefika. Na nikishalifunga, anasema, niufunge na mkono wake, usije ukafungua tena.